Tulipopanda Fizi Bila Kilio

Kwetu mjini Baraka, chini kando ya ziwa, mtu hapandi milima ya Fizi hivi hivi tu. Anapanda kwa sababu: ana karatasi ya kusainiwa ofisini, ana mtoto anayesoma huko, au ana kilio cha kuzika mtu. Nilipomwambia jirani yangu kwamba vakansi hii ya shule tunataka kupanda ile barabara yote, kona kwa kona, kuangalia tu, aliacha kutwanga majani ya sombe na mchi wake ukabaki hewani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna muntu. Tunaenda kutembea."

"Kutembea! Na ile mavumbi yote? We mwalimu, masomo imekuharibu kichwa."

Nilicheka, lakini moyo ulikuwa unarukaruka. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa ameshuka Kalemie kwa boti kununua bidhaa, akatuachia gari lake siku nne. Siku nne nzima! Toyota ya zamani, ndiyo, na mlango wake wa nyuma ulifunguka kwa nje tu, lakini ilikuwa gari, na mimi mwalimu wa darasa la tatu nilikuwa sijawahi kuwa na gari hata nusu siku.

Mume wangu aliendesha malori miaka mingi kabla hajafungua duka lake la vipuri, kwa hiyo barabara hazimtishi. Zinamchosha. Yeye alitaka twende Uvira.

"Njia ya Uvira inafuata ziwa," alisema. "Tunapita Lusenda, tunafika, tunakunywa Fanta ya baridi, tunarudi. Fizi iko nini? Kona. Ukimaliza kona, unapata kona."

"Njo hizo kona nataka!"

Na kweli nilizitaka. Nimezaliwa chini, nimekulia chini, ziwa nimelijua kwa miguu iliyolowa. Wamama wanaoshusha maharage sokoni walikuwa wamenisimulia kwamba huko juu kuna kona moja ambapo unaliona ziwa lote na rasi ya Ubwari yote kwa mara moja, kama vitu vilivyopangwa kwenye sinia. Nimesikia habari hiyo tangu nikiwa mtoto. Nitakufa sijaiona, na iko saa chache kutoka mlangoni kwangu? Hapana!

Aliyebaki kuulizwa ni mama yangu. Mama alizaliwa milimani, kijiji kilicho mbele kidogo ya Fizi, akashuka kuolewa. Tangu baba afariki anaishi nasi. Nilidhani atafurahi. Akaendelea kuchambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, bila kuinua uso.

"Barabara murefu namna ile, juu ya kufanya nini?"

"Kumuona mama mukubwa, dada yako!"

Akasukuma ndagala pembeni. Nilijua sababu. Miaka mitatu nyuma mume wa dada yake alikufa, na siku zile njia ilikuwa imefungwa kwa vita, hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka. Mama hakufika kwenye kilio. Kwetu unaweza kukosa harusi, unaweza kukosa ubatizo, watu watanung'unika kidogo na kusahau. Kilio hakisahauliki. Baadaye mama alituma salamu kwa wachuuzi, mara nyingi sana. Salamu zilipanda, hazikushuka.

"Nikifika na akininyima mukono, mbele ya bantu?" alisema mwishowe. "Mi muzee hivi, nirudi chini na mukono yangu?"

Nikajisemea, basi, tumeshapata jibu, Uvira na Fanta yake. Lakini kesho yake asubuhi mama alitoka mwenyewe, akarudi na mtu wa mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na godoro jipya la sponji, matela kama tunavyoita.

"Mugongo ya dada yangu iko inamuuma tangu zamani," alisema, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza.

Ayee! Niliimba siku ile yote. Mume wangu alitikisa kichwa, akaenda kuwauliza vijana wa pikipiki habari ya njia, maana kwetu hutoki bila kuuliza. Wakasema iko shwari, magari yanapita. Alivyorudi akaanza kukagua matairi, nikajua Uvira imekufa.

Kufunga mizigo ilikuwa kazi yangu. Chumvi, sabuni, sukari, ndagala kavu, vyote ndani. Godoro halikuingia, tukaliviringisha tukaliweka juu ya gari. Nikawaza ile mavumbi nyekundu ya kiangazi. Godoro jipya lifike limekuwa rangi ya tofali? Nikaenda kabatini, nikatoa shuka langu jeupe, lile la wageni, nikalizungushia godoro vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikafunga kamba sehemu tatu. Nikasimama pembeni nikaliangalia. Nilijisifu kabisa.

Tuliondoka jua likiwa bado changa. Mimi mbele, mume wangu kwenye usukani, mama nyuma. Hapo nieleze jambo moja. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kutotazamana. Hawali pamoja, hawaitani, hawasemezani ana kwa ana. Miaka kumi na moja wanaishi ua mmoja, na mama hajawahi kumtamkia mume wangu neno moja kwa moja. Sasa wamefungiwa kwenye gari moja, safari ndefu! Mama alijikunja kabisa nyuma ya kiti cha mkwe wake, akajifunika kitenge kichwa na uso, na mimi nikawa mkalimani wa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa.

"Ambia bwana yako apunguze mbio."

"Mama anasema upunguze."

"Muambie mama hii njo mwendo ya chini kabisa, nikipunguza gari itazimika."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia."

Tuliacha ziwa nyuma, barabara ikaanza kupanda. Weee! Kona ya kwanza mihogo, kona ya pili migomba, kona ya tatu upepo wa baridi ukaingia dirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Nilipiga kelele kila tulipopinda. Mume wangu, aliyesema kona ni kona tu, akaanza kunionyesha: pale lori lake lilikwama siku mbili, pale kuna maji matamu. Nikamwambia, "We si ulitaka Uvira?" Akajifanya anasikiliza injini.

Na watu walivyokuwa wazuri siku ile! Kwenye kizuizi askari alituona tukija, akasimama, akavua kofia, akashusha kamba bila swali hata moja. "Poleni," alisema kwa sauti ya chini. Nikamjibu kwa furaha, "Asante, tumezoea!" Njiani wamama waliokuwa na mabeseni kichwani waliyatua chini na kusimama. Wanaume waliinuka kwenye mabenchi. Nikasema kumbe milimani wanajua adabu, gari moja tu linapita na kijiji kizima kinasimama. Nikatoa mkono dirishani nikawapungia kona baada ya kona, meno yote nje. Hakuna aliyenipungia. Walinitazama tu midomo wazi.

Nilipogeuka nyuma nikaona vidole vya mama vimebana ndimu niliyompa ya kunusa. Kona zilikuwa zimemshika. Na mama yangu angekubali kufa kuliko kutapika mbele ya mkwe wake.

"Simama," nilimwambia mume wangu.

Alisimamisha, akashuka, akamfungulia mlango wa nyuma huku uso wake ukiwa umeelekea porini, kisha akaenda mbali kabisa kukagua tairi lisilo na shida. Mama alimaliza alichokuwa nacho, nikamnawisha. Ndipo nilipoinua macho.

Mungu wangu! Ilikuwa ile kona. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, bluu hadi pale linapokutana na mbingu, na Ubwari imelala katikati, nyembamba, na mitumbwi midogo kuliko mchele. Baraka yetu, na kelele zake zote, ilikuwa mabati machache yanayometa. Nililia. Sioni aibu kusema, nililia na kucheka pamoja, nikamshika mama nikamgeuza aone.

Mama alitazama kidogo tu. "Hapa njo tulipumzika wakati nilishuka kuolewa," alisema. "Dada yangu alinisindikiza mupaka hapa. Akasema, mi siwezi kupita hapa, nikipita nitakufuata." Halafu akaketi juu ya jiwe. "Turudi. Umeona ziwa yako. Inatosha."

"Mama, tumebakiza kidogo!"

"Yule hakujibu salamu hata moja. Nitamuambia nini? Turudi."

Nilikasirika, nusura niseme neno baya. Lakini kutoka kwenye tairi lake mume wangu aliongea na milima, kwa sauti kubwa: "Muambie mama, mi naweza geuza gari sasa hivi. Lakini matela iko ya dada yake, haiko yetu. Turudi nayo, nani atalalia?"

Mama alikaa na ndimu yake. Kisha akasimama, akaingia garini mwenyewe, akajifunika kitenge. Mume wangu akafunga mlango.

Baada ya hapo tulienda polepole sana kwa ajili ya tumbo lake, mwendo wa mtu anayetembea. Tukapita Fizi, tukashika njia ya kijijini. Walituona mbali. Nikaona watu wanatoka majumbani, nikapunga mkono kwa nguvu zangu zote.

Ndipo kelele ikapanda. Mwanamke mmoja, halafu wengine, halafu kijiji chote, wameshika vichwa. Wanawake walijitupa chini. Mume wangu alisimamisha gari katikati ya njia. "Kumekufa nani huku?" alisema. Nikatoa kichwa kuuliza, na nikaona macho yao yote yanatazama juu ya gari.

Juu ya gari. Shuka jeupe. Kamba sehemu tatu.

Yooo! Yule askari na kofia yake! Wale wamama na mabeseni! Na mimi nikipunga mkono kama niko kwenye harusi! Mtu wa milimani akifia chini huku, familia ikipata gari, humrudisha kwao namna hiyohiyo, na ndani ya gari letu wachuuzi waliotuzoea sokoni walikuwa wanamuona mtoto na mkwe, mama hawamuoni. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni godoro, lakini bibi mmoja mwembamba alikuwa ameshafika, amevunjika katikati kwa maumivu ya mgongo, akapiga bodi ya gari kwa viganja viwili. Mama mkubwa.

"Mudogo wangu! Ni namna hii unanirudilia? Juu ya gari? Mi nilikungoja na miguu yako! Salamu zako nilizipata, zote, hata moja haikupotea! Nilinyamaza juu ya hasira, nikasema atakuja mwenyewe, nitamugombeza, halafu tutakula. Kila mavuno nakuwekea maharagi yako, iko ndani, wadudu inakula! Hasira ya nini sasa? We mutoto niliyekubeba, sasa nitamugombeza nani?"

Nyuma yangu kitenge hakikutikisika. Mama alikuwa anasikiliza kilio chake mwenyewe. Kisha kitenge kikaruka, mkono wake ukagonga kile kishikio kisichofungua, ukagonga tena, na akapiga kelele:

"Mukwe wangu! Fungua mulango!"

Miaka kumi na moja! Mume wangu aliruka nje kama kijana, akavuta mlango, akasahau hata kugeuza uso.

Mama alitoka na vumbi lake na ndimu yake mkononi. Waliokuwa wamejitupa chini wakainuka. Kuna waliokimbia, kusema ukweli. Mama mkubwa alimtazama, akatazama juu ya gari, akamtazama tena. Akamshika mashavu, akamfinya, akamfinya sana.

"Uko muzima."

"Niko muzima."

"Na hii juu ni nani?"

"Ni matela. Ya mugongo yako."

Mama mkubwa akampiga begani, kofi la kweli. Akampiga tena. Halafu akamwangukia, na wote wawili wakakaa chini kwenye vumbi la njia. Vicheko vilianza huku nyuma, vikashika kijiji kizima, na mimi wakanipa jina jipya kuhusu mikono yangu ambalo sitaliandika hapa.

Jioni godoro lilikuwa sakafuni, na dada wawili wa tumbo moja wameketi juu yake, bado limefungwa shuka langu upande mmoja. Nilikuwa naleta maji ya kunawa.

"Nilikulilia bure," alisema mama mkubwa. "Na koo inaniuma."

"Si bure," mama alijibu. "Nilisikia yote."

Mama mkubwa akalibonyeza godoro kwa kiganja, akaliacha linyanyuke. "Basi na weye sema kilio ya kwangu," alisema. "Ile utalia siku yangu. Sema leo, mi niko na masikio."

Mama akamshika mkono, akaanza na ile siku ya kona. Nikaweka maji chini, nikatoka nje, nikakaa na mume wangu mlangoni, na bugali ikapoa, hakuna aliyethubutu kuingia kuwaita.