Wiki Yangu Moja na Wiki Zake Tano

Mume wangu aliponiacha, yeye alibaki na nyumba, gari na duka la matairi, na mimi nikapewa wiki. Wenzangu wakiachwa hupewa kiwanja, au angalau cherehani. Mimi nilipewa siku saba za kila mwaka katika nyumba za mapumziko zilizo kando ya ziwa, na yeye akatamka mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba ameniheshimu. Mjomba wangu aliuliza hiyo wiki inajengwa wapi. Watu wakacheka, kikao kikaishia hapo, nami nikarudi kwa mama na begi langu.

Kwa asiyezijua nyumba hizo, hununui nyumba, unanunua wiki. Wiki uliyonunua ni yako kila mwaka mpaka ufe, na ukifa inakwenda kwa wanao. Wiki zilizobaki ni za watu wengine, wala huwajui. Mume wangu alinunua mbili enzi zile biashara imemkubali, siku vijana wenye tai walipotualika chakula cha mchana cha bure wakamvisha kilemba cha ukoka mpaka akatia sahihi. Moja ndiyo akanitupia mimi. Alipooa tena akaongeza, akaongeza tena, hadi akawa na tano. Mojawapo inaangukia siku zilezile za kwangu, kwa hiyo kila mwaka tunakutana pale, yeye na mkewe mpya, mimi na mama yangu.

Mimi ni msusi. Nasuka katika chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga, nimesimama tangu asubuhi, na mama anakaa chumba cha nyuma, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Nyonga ilimvunjika, ikaunga vibaya. Anatembea kwa kushika vitu, na ngazi haziwezi kabisa. Lakini kule ziwani zipo nyumba za chini zenye kibaraza kilicho sawa na ardhi. Nikimweka mlangoni asubuhi, anawasalimu wote wanaopita, na kufika jioni anajua nani kaoza binti na nani kagombana na shemeji yake. Kwa siku hizo saba mama yangu si mgonjwa, ni mwenyeji. Hilo tu ndilo nililokuwa nalishikilia katika ile wiki. Maji ya ziwa mimi siyaogi.

Sasa, nyumba huchaguliwa asubuhi ya kwanza, na huchaguliwa kwa viatu. Sijui nani alianzisha. Kila mwenye wiki akifika huvua kiatu kimoja, akakipanga kwenye baraza la ofisi nyuma ya kiatu cha aliyemtangulia, kisha akabaki na kingine mguuni. Mtu mwenye kiatu kimoja haendi mbali, ndiyo maana yake. Ukiwaona asubuhi hiyo utafikiri ni hospitali, watu wazima wote wanachechemea. Na sheria ni moja. Zamu ya kiatu ikifika na mwenyewe hayupo, kiatu kinarudishwa mwisho wa mstari. Mimi hufika mapema. Kwa miaka yote mama hakuwahi kukosa nyumba ya chini.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya siku zetu, fununu ikaingia kwenye kundi letu la simu. Mtu alisema amesikia kwa mtu wa ofisini kwamba wanafikiria kutupanga kwa madaraja, kwa ukubwa wa anachomiliki mtu. Mwenye wiki moja au mbili ataitwa Shaba, wa kati Fedha, na mwenye kuanzia sita ataitwa Dhahabu. Dhahabu watachagua nyumba miezi kabla, wakiwa kwao, wamelala. Fedha watafuata. Shaba watachukua kitakachobaki, na habari za viatu zitakwisha.

Kundi lilichemka. Mimi kusoma kunanichelewesha, kwa hiyo nikawa nasikiliza jumbe za sauti huku nasuka. Muuguzi mmoja, mwenye wiki moja kama mimi, aliuliza, "Kwa hiyo mimi na kiwiki changu ni nani sasa?"

Mwalimu mkuu mstaafu akamjibu, "Wewe ni Shaba, bibie."

"Shaba si ile inayosuguliwa kwa majivu?"

"Ndiyo hiyohiyo. Jiandae kusuguliwa."

Fundi bomba akasema yeye haelewi, kitanda cha Dhahabu kina miguu mingapi. Mama mmoja mwenye mapacha akalia kweli, sauti ikakatika katikati. Kisha nikasikia sauti ninayoijua hata usingizini, imetulia, imepakwa mafuta. Mume wangu wa zamani alisema, "Ndugu zangu, tusioneane wivu. Aliyetoa kikubwa apewe nafasi kubwa. Hata msikitini na kanisani wanaotangulia hukaa mbele."

Muuguzi akamwambia, "Wanaotangulia, bwana mkubwa. Siyo wenye makalio mapana."

Nilicheka peke yangu mpaka mteja akageuka. Kicheko hakikudumu. Siku hiyohiyo alinipigia.

"Mama watoto, hujambo? Mama hajambo?"

"Sema shida yako."

"Wewe bado una maneno makali. Sikiliza. Mimi nina tano. Nikipata moja nakuwa Dhahabu. Wewe na moja yako hutakuwa kitu. Sasa hamishia yako kwa jina langu, nipande, nami nitakuwa nachagua nyumba ya chini kwa ajili ya mama, kila mwaka. Wewe utakuja vilevile kama kawaida. Kitu gani kitabadilika?"

"Jina," nikasema.

"Jina ni nini? Ni wino."

Nikakata simu, lakini maneno yake hayakukatika kichwani. Kuanzia siku ile sikukaa mahali pamoja. Nilikuwa nainuka kufunga mlango uliofungwa. Nachemsha maji, nasahau, yanakauka. Njia za kichwani kwa mteja zikawa zinapinda, na mmoja akaniuliza, "Dada, leo unanisuka au unanilima?" Nikamfumua nikaanza upya, bado zikapinda. Nilikuwa nahesabu mambo yale yale. Nikikataa na hayo madaraja yakaja, mama atakwenda ghorofani, na ghorofani ni kitandani. Nikikubali, nimerudi mule nilimotoka. Lile duka nililifungua mimi kila asubuhi kwa miaka, nikikaa na harufu ya mpira, na jina lilikuwa lake. Ile nyumba sakafu yake nilibeba maji ya zege nikiwa na mimba ya binti yangu, na jina lilikuwa lake. Siku ya kutoka niliambiwa kila kitu kina jina, nitafute chenye langu.

Binti yangu, ambaye anauza katika duka la dawa, alikuja Jumapili akaniambia, "Mama, wiki ikiwa kwa baba si bado iko nyumbani?"

"Nyumbani kwa nani?"

Akaanza kukusanya vikombe.

Lakini aliyenikosesha raha zaidi alikuwa mama mwenyewe. Nilipompelekea uji akasema, "Mkwe wangu kanipigia simu. Kasema ataniwekea nyumba ya chini."

"Huyo si mkwe wako tena, mama."

"Kwani mimi niliachwa?"

Niliosha bakuli kabla hajamaliza kula.

Basi siku ikafika. Tulikodi gari, nikamshusha mama, nikamketisha kwenye kiti cha plastiki pembeni ya baraza. Kiatu changu kilikuwa cha pili, nyuma ya kile cheusi cha mwalimu mkuu, ambaye siku zote anataka juu apate upepo. Nyuma yangu mama wa mapacha, nyuma yake mke mpya wa mume wangu na kandambili yenye ua, kisha muuguzi, kisha fundi bomba na wengine. Nyumba za chini mwaka huu zilikuwa mbili tu, ya tatu ilikuwa inapakwa rangi. Nikapiga hesabu, nikaona tuko salama. Habari za madaraja bado zilikuwa maneno, ila meneja aliahidi kuyazungumza mkutanoni kesho yake.

Karani hajaanza kuita, mfagizi akaja akaniambia, "Mama, meneja anakuita ndani mara moja."

Nikaingia na kiatu changu kimoja. Ndani nikamkuta meneja, na mbele yake mume wangu wa zamani amekunja nne, anakunywa chai.

"Hongera, mama," meneja akasema. "Bwana ameniambia mmeamua kuunganisha wiki zenu. Hiyo ni busara, hata kabla ya huo utaratibu kuanza."

"Mimi sijaamua kitu."

"Ameamua, ila anaona haya," akasema yule bwana, akacheka kidogo. "Mama watoto, kaa basi. Hebu tuzungumze kama watu wazima. Binti hajambo? Bado yuko kwenye duka la dawa?"

Nikasema hapana, sikai. Akaniuliza habari za mjomba. Nikamwambia mjomba hamhusu. Akaanza kumsimulia meneja jinsi tulivyokula kile chakula cha bure, na mimi nilivyoficha kuku kwenye mkoba kwa ajili ya watoto, na meneja akacheka kwa adabu. Nilibishana. Ndilo alilolitaka. Kila nilipogeuka kuutazama mlango, alinirushia neno jingine, nami nikalidaka. Hasira yangu anaijua, aliishi nayo.

Nilipotoka, kiatu changu kilikuwa mwisho wa mstari.

Muuguzi alikuwa anapayuka na karani. "Nimekwambia mwenyewe yuko ndani, mmemwita ninyi."

"Kiatu kilibaki peke yake, dada. Mimi nafuata sheria yenu wenyewe."

Mama wa mapacha alishachukua nyumba moja ya chini, na simlaumu. Ya pili ilikuwa imechukuliwa na bi mdogo. Alisimama na ufunguo mkononi, anatazama ua la kandambili yake. Nikaelewa mchezo mzima, wa ndani na wa nje.

Mume wangu wa zamani akatoka taratibu, anafuta mdomo. Akauchukua ufunguo kwa mkewe, akauinua mbele ya watu wote.

"Usihangaike, mama watoto. Sisi vijana tunaweza kulala juu. Sema ndiyo tu, mama anaingia chini sasa hivi."

Mama alikuwa amesikia. Akaninyooshea mkono kutoka kwenye kile kiti cha plastiki. "Mwanangu, kubali. Tupumzike."

Nilimtazama mama, miguu yake imevimba kwa safari, kitambaa kimemteleza kichwani. Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja, na angekuwa mlangoni pake kabla jua halijapanda.

"Hapana," nikasema. "Mama, sisi tunapanda."

"Unamtesa mzazi wako kwa kiburi," akasema yule bwana.

Nilikwenda kwa karani kuchukua ufunguo wa nyumba iliyobaki, ghorofa ya juu, upande wa matangi ya maji.

Fundi bomba akavua na kile kiatu cha pili, akasema pekupeku ndiyo kazi yake. Yeye na mwalimu mkuu wakamnyanyua mama pamoja na kiti, muuguzi anatangulia kinyumenyume akiwaelekeza kama anaongoza lori. Mama aliwasema njia nzima. "Mkiniangusha nitawataja huko niendako, jina kwa jina."

"Mama, usicheke tutaachia," akasema mwalimu.

"Nani anacheka?"

Mimi alinipa kisogo. Siku ile nzima alitazama ukuta, na ukuta alikuwa nao nyumbani.

Kesho yake meneja akasema mkutanoni kwamba hakuna lililoamuliwa. Bado wanafikiria, wanakusanya maoni. Muuguzi ndiye aliyenisimulia, maana sikuweza kumwacha mama peke yake kule juu. Alisema mume wangu aliuliza mara tatu Dhahabu wataanza lini, na mara tatu akajibiwa wanafikiria, na sasa ameanza kumfuata fundi bomba amuuzie wiki yake. Fundi alimwambia na yeye anafikiria.

Mimi nilishinda kwenye ngazi. Maji, mkaa, dawa, kikapu. Nikikaa nainuka. Siku ya tatu mama akaniamuru nimsogeze kwenye roshani. Akawa anasalimu watu kutoka juu, nao wanageuka huku na huku wasimwone anayewaita, na yeye anakasirika kwamba watu wa siku hizi hawana adabu.

Siku ya kuondoka ikikaribia, nilipanda na ndoo nikamkuta ametulia mno.

"Mkwe wangu kapita hapo chini," akasema. "Kanisalimu."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia apande tuzungumze, tangu tufike hajakaa nami hata kidogo."

Nikaiweka ndoo. "Akapanda?"

Mama alinyoosha kitambaa magotini, akakikunja, akakinyoosha tena.

"Alisema ngazi ni nyingi."

Chini, bi mdogo alikuwa ameketi kwenye kibaraza anapaka rangi kucha. Mama aliniomba nimgeuzie kiti kilitazame ziwa. Nikamgeuzia, kisha nikasimama nyuma yake, nisijue pa kuiweka mikono yangu.