Duara Jekundu kwenye Ukumbi wa Kimamba

Anselmi alikuwa fundi wa reli mpaka alipostaafu, na kustaafu Kimamba maana yake ni kuingizwa kwenye kamati. Hii ya kuhifadhi majengo ya kale ilikuwa na watu watano, chupa moja ya chai na mamlaka kamili ya kupendekeza.

Jengo lililomleta mzee pale lilikuwa moja: ukumbi wa wafanyakazi wa shamba la mkonge. Zamani, kila Jumamosi, dansi lilipigwa humo, na Devota, binti wa mkata mkonge, alivua viatu kabla ya kucheza ili asikie mbao za sakafu zikimwitikia. Anselmi akamwoa. Sasa Devota yuko makaburini, mkonge umegeuka pori, na ukumbi ni ghala la mahindi la Mudathir. Mbao zilikuwepo bado. Mzee alitaka ziendelee kuwepo. Mengine aliwaachia wenzake.

Kamati ikaamua kila jengo linalolindwa lipakwe duara ukutani. Rangi iliyopatikana kwa mtendaji ilikuwa nyekundu, masalia ya kazi ya barabara. Anselmi alipaka mwenyewe, duara safi la mkono wa fundi. Mudathir siku hiyo alikuwa mnadani Kilosa.

Mzee aliporudi kulitazama duara lake, alilikuta. Mlango, madirisha na sakafu hakuvikuta.

"Shikamoo, babu," Mudathir alisema, amejaa vumbi la mbao.

"Marahaba. Sakafu iko wapi?"

"Imepona. Nimeiwahi kabla ya katapila."

"Katapila gani? Ile ni alama ya kulinda."

"Kulinda? Babu, tangu lini serikali ikapaka nyekundu kitu inachokipenda? Nyumba ya mama Lightness ilipakwa hivyo hivyo. Leo malori yanapita jikoni kwake."

Anselmi akaenda kuwaita wenzake.

Kamati ikakutana kwa dharura kujadili rangi. Kijani ilikataliwa kwa sababu ambazo hakuna aliyezitaja. Ikapita nyeupe. Mudathir, baada ya kulizunguka duara jipya kama mnunuzi wa ng'ombe, akakubali kurudisha mlango, madirisha na mbao, isipokuwa mbao mbili zilizokwisha kuwa kitanda; mwanawe aliyekilalia hakutaka mazungumzo.

Zikapigiliwa kwa mpangilio wowote. Afisa wa wilaya akaja, akagonga ukuta, akaridhika, akaondoka na wajumbe.

Anselmi akabaki nyuma. Akavua viatu, akatembea polepole kutoka mlangoni. Mbao zilinyamaza kama watu waliokalishwa kando ya wageni. Pale walipokuwa wakikaa wapiga tarumbeta, moja ikalia. Hapakuwa mahali pake, lakini sauti ilikuwa ile ile. Mzee akasimama juu yake, akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kisha akarudia.

Mudathir akachungulia, nyundo mkononi. "Hiyo imelegea, babu. Nikuongezee msumari?"

"Thubutu uone," alisema Anselmi.