Nikinunua nyumba hii, mama atalala wapi?

Admin, naomba usitaje jina langu wala ofisi yangu, maana nusu ya wenzangu husoma ukurasa huu wakati wa chai na wangenitambua mara moja.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, karani hapa Kakamega mjini. Nimechumbiwa na mwalimu wa Lugari na harusi yetu ni Desemba. Baba yangu alishafariki. Mama anaishi kwetu Khwisero na kaka yangu, mwana wa kiume pekee. Nyumba ya mama iliporomoka wakati wa mvua na kaka akakataa kuijenga upya. Amempa mama stoo, alale katikati ya magunia ya mbolea, na mama ana ugonjwa wa kifua. Hukohoa mpaka anashika ukuta. Wifi yangu akipakua chakula, humwekea mama sahani nje juu ya ndoo iliyogeuzwa, eti kikohozi kitaambukiza watoto. Nilipomwomba kaka angalau atoe hiyo mbolea, alicheka.

"Mbolea inalisha watu hapa. Mama analisha nani?"

Mama alikuwa amekaa papo hapo akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

Ndiyo maana nilianza kutafuta nyumba. Nimepata moja upande wa kuelekea Bukura. Imemalizika juzi tu, hakuna aliyewahi kulala ndani. Ina vyumba viwili, maji ya bomba na stima, na rangi bado inanuka. Sacco imekubali kunipa mkopo. Uzuri wa nyumba ya namna hiyo ni kwamba ukipewa funguo leo, mama analala pakavu leo. Kujenga kungenichukua miaka, na ukiwa kazini hujui simiti yako inaenda wapi.

Lakini mimi ni mwoga, kwa hiyo niliikagua sana. Nimegonga kuta, na mahali pengine plasta inalia kama imeachana na tofali. Veranda ina ufa. Mwanakandarasi anayeiuza aliuangalia akatabasamu. "Madam, hiyo ni nyumba inakaa chini, kama mtu ameshiba ugali. Ikimaliza kukaa itatulia." Hatimiliki pia haijatoka, kwa sababu shamba lote bado liko kwa jina la mwenyewe wa kwanza. Wakili ameniambia nisimalize kulipa kabla jina langu halijaandikwa, na muuzaji amekubali. Ufa nitauziba. Hayo yote ningeyavumilia.

Nisichoweza kuvumilia nilikiona siku nilipompeleka mchumba wangu. Alizunguka akisifu kila kitu, jikoni, madirisha, mpaka akafika kwenye korido. Vyumba vyote viwili vinafungukia hapo, na choo na bafu ni pamoja, mwisho wa hiyo korido. Akasimama.

"Hiki chumba kingine ni cha nani?"

"Cha mama."

"Mama mkwe wangu apite hapa na taulo, na mimi nipite na taulo? Unataka wazee wetu waseme nimeoa watu wawili?"

Wengi wenu mnajua, kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe. Nimeijua desturi hiyo tangu utotoni. Nilijidanganya kwamba nyumba nikiinunua mimi, itahesabika ni ya binti yake. Ningekuwa najenga mwenyewe, ningeanza na kanyumba ka mama pembeni, kenye mlango wake na choo chake. Hii imepangwa na mtu asiyetujua, na kiwanja kinaishia kwenye ukuta wa jirani. Hata banda la kuku halitoshei.

Nikasema basi nimpangie mama chumba karibu. Akaniuliza kwa pesa gani, maana mkopo utameza mshahara wangu, na wake una wazazi wake. Halafu akashusha sauti, kama mtu anayenishauri.

"Mama mwenyewe na kile kifua chake. Si tungoje tu?"

Jambo linaloniogopesha hata kuliandika ni kwamba kwa muda nilisimama pale nikihesabu kichwani miezi ambayo mama amebakiza. Baridi ya Julai. Mvua. Vumbi la ile mbolea. Nilipojishtukia nikamwambia narudi ofisini, nikatoka mbele yake.

Jioni nikampigia kaka simu, nikamwuliza kama mama anaweza kuja kwangu mpaka Desemba, kisha tuone.

"Mchukue hata kesho," akasema. "Lakini akitoka haingii tena, hiyo stoo nitaweka mahindi. Na huyo mwalimu wako akimfukuza, mkalishe hapo kaunta ya ofisi yako akusaidie kugonga muhuri." Nilimsikia wifi akicheka nyuma yake.

Mama hajui lolote kati ya haya; anajua tu kwamba nimepata nyumba na nitamchukua. Jumapili amewaaga wanawake wenzake kanisani. Wamemwombea, wamemchangia blanketi na sufuria. Akanipigia simu akiwa na furaha ambayo sijaisikia tangu baba afariki. Huniita Kukhu, yaani nyanya, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Kukhu, nikuje na jiko langu ama wewe unapikanga na gesi?"

Nikamwambia gesi.

Muuzaji anataka jibu Ijumaa. Nikinunua na kuolewa, mama anabaki stooni. Nikinunua nikae na mama, nadhani harusi haipo, na nitabaki peke yangu na mkopo na ufa. Nikiacha, ninunue kiwanja kitupu nijenge polepole nyumba mbili, sijui kama mama atafika.

Naombeni ushauri kabla ya hiyo Ijumaa, hasa nyinyi mlio na umri wa mama yangu. Na mtakaoniambia nimwache huyu mwalimu kwa sababu ya lile neno lake, semeni na mimi nifanyweje, kwa maana alipolisema, nilihesabu pamoja naye.