Kengele Yenye Ilibakia Beni

Mbele ya kutoa funguo ya nyumba yake ya Beni, Mama Zoro alitosha na kubeba ampoule zote za taa. Akatosha rideaux za madirisha na fito zake, akatosha hata kifuniko ya choo. Kama haya haingemushika kidogo, angebeba na kivuli ya nyumba. Papa Syauswa, mwenye alinunua, muchuuzi wa viazi toka Musienene, aliingia mu salon akabonyeza ukuta, giza ikabakia paka giza.

"Mais Mama, hata ampoule?"

"Papa, si unajua vile tunafanyaka: kyenye iko na musumari kinabakia na nyumba. Kyenye haina musumari ni ya mwenye kuuzisha. Weye ampoule unaipigiliaka na musumari?"

Papa Syauswa akacheka, akatuma batu ku butiki kununua zingine. Siye bashuhuda, benye tulitoka Butembo, tukacheka pia, tukapiga mikono. Mama Zoro akashinda siku ile. Ile ushindi, eh! Aliikula miezi tu, kisha ikamukula.

Jina yake ya kanisa ni Godelive. Beni yote ilimujua juu ya maharagi yake ku soko na juu ya ulimi yake. Alikuwa na mutoto mumoja, Zorobabel, fundi wa telefone. Siku moja Zoro alitoka Kampala na kengele ya mulango yenye akili: kitu kidogo kyeusi kyenye jicho. Mugeni akifinya, telefone ya mama inalia, hata mama akiwa soko, anaona ni nani, anamusemesha. Na mbele mama ajibu, kengele yenyewe inapokea mugeni na sauti. Ilitoka fabrike na sauti ya Kichina. Zoro akaifuta, akatia yake:

"Ngoja kidogo. Mama eko anakuya, lakini anatembeaka polepole kama mambo ya serikali."

Mama alimufukuza na mwiko mpaka ku barabara. Zoro hakubadirisha kitu. Bageni banafika, banacheka, mama anafungua mulango na kasirani, na kila mutu anafurahi.

Kisha Zoro akaenda Kasindi kuchukua bintu bya magazini. Kamiyo, ile lori yenye alipanda, iliunguziwa na waasi mu njia. Kile kyenye kilirudi kilienea mu kasanduku kadogo, na hatukuruhusiwa kufungua. Donc sauti ya Zoro ikabakia fasi moja tu hapa duniani: ku mulango, mu kengele.

Mutaniuliza: sasa akiuzisha nyumba, juu ya nini asitoshe ile kengele? Juu ilikuwa na misumari, ndugu yangu! Na maneno ya misumari alikuwa amekwisha kuisema yeye mwenyewe, na sauti kubwa, mbele ya batu. Mama Zoro akisema neno mbele ya batu, hata ikimuchoma anaimeza. Tena aliona kama hapotezi kitu: telefone yake ilikuwa ingali inashika kengele. Kamodeme kenye Zoro alipigilia nyuma ya mulango kalibakia nako, na Papa Syauswa alikuwa anatia mega za internet, juu batoto yake banapendaka film. Hakuna mwenye alimuambia: Papa, ulibadirisha serrure na funguo, mais ile jicho ya mulango ingali ya mwenye nyumba wa zamani.

Mama Zoro akakuya kupanga nyumba hapa Butembo, jirani yetu. Kila mara mutu anafinya kengele kule Beni, telefone inalia huku, na yeye anasikia: "Ngoja kidogo. Mama eko anakuya..." Alianza kumuombea Papa Syauswa bageni. Kweli! Wengine banawashaka mushumaa juu ya afya, yeye anawasha juu Syauswa apate bageni. Siku balibatiza mutoto wa Syauswa, kengele ililia mpaka mangaribi, na Mama Zoro alikaa ku kiti amevaa kikwembe ya mupya, kama yeye njo marraine, mama wa ubatizo.

Jirani yake Sophie anamuchokoza: "Mama Zoro, leo ulipata bageni?"

"Wengi, mutoto wangu."

"Na ulibapikia nini?"

"Nilibaambia bangoje."

Siku ya Mungu moja, Syauswa na watu yake boko ku misa. Kengele ikalia. Mama Zoro anaangalia: vijana wawili benye baliruka uzio ya lupango, banafinya, banasikiliza kama nyumba haina mutu. Mumoja akafungua lango ya inje, bakaanza kusukuma moto, ile pikipiki ya Papa Syauswa. Mama Zoro akapandisha sauti mu telefone, ulimi ile ya soko: "Wezi! Muache moto ya batu! Niko nabaona, weye wa kofia nyekundu, nitakuita na jina ya mama yako!" Sauti ikatoka mu ukuta. Vijana bakatupa moto chini, bakakimbia.

Na yeye, na furaha, akamupigia Papa Syauswa kumuelezea.

Alingojea aseme wasingya, asante ya kwetu. Kesho yake Papa Syauswa akafika mwenyewe Butembo, vumbi mpaka ku meno. Hakukaa.

"Mama, toka lini uko mu nyumba yangu?"

"Mais Papa, nilikuokolea moto!"

"Bibi yangu anapitaka pale na kikwembe moja tu. Batoto bananawa pale. Na weye uko unaangalia? Beni, Mama, na hii waasi! Mutu mwenye anakuangaliaka mbali, siye tunamuita jina gani?"

Na hakukosea. Njo kitu kyenye kinaniuma: hakukosea hata kidogo.

"Nirudishie kengele," Mama Zoro akasema. "Nitakununulia ingine, ya muzuri kupita."

"Hapana. Kyenye iko na musumari kinabakia. Si weye ulisema?"

Njo Mama Zoro akafanya kosa ya mwisho: akasema ukweli. "Papa, ile sauti ni ya mutoto wangu. Ule tulizika."

Papa Syauswa akarudi nyuma. Uso ikabadirika. "Siye tulizani ni Bachina balijifunza Swahili... Donc ni mufu njo anapokeaka bageni yangu? Ku ubatizo ya mutoto wangu?" Akashika telefone, akapigia bibi yake kule Beni. "Rébecca! Chukua nyundo. Tosha ile kitu ku mulango, tupa mu choo. Sasa hivi! Hapana kuniuliza!"

Siye majirani tulikuwa tumefika kuangalia. Telefone ya Mama Zoro ikalia mu mukono yake. Labda Rébecca alifinya akiwa anaing'oa.

"Ngoja kidogo. Mama eko ana—"

Kisha kioo ya telefone ikaandika "hors ligne": kengele imekatika.

Leo kila mutu anamuambia: mais Mama, si ungelirecorder ile sauti! Wakati ile, hakuna mwenye alifungua kinywa, hata mimi. Mama Zoro hajibu. Anauzisha maharagi, anarudi, anabonyeza ku ukuta. Ampoule za Beni ziko zinawaka muzuri sana mu nyumba ya kupanga.