Mfereji Huanzwa Chini

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mvua za kwanza zikiwa zimetuwahi. Baba yangu, mfanyakazi wa reli, alilima mboga bondeni, nyuma ya mtaa wa Kasapa, na siku yake ya mapumziko ilikuwa hiyo tu. Kabichi zetu zilikuwa zimesimama majini, nazo ndizo tulizozitegemea kwa chakula.

Bonde lile lilikuwa na komite ya mifereji. Desturi yake ilikuwa kwamba usafishaji huanzia bustani ya chini kabisa, maji yanakoishia, ndipo watu wapande kuelekea juu. Anayezibua juu kwanza humzamisha aliye chini. Baadaye nilisoma kwamba hata wakulima wa mabondeni kule Uingereza wana mabaraza ya mifereji tangu zamani, nikacheka peke yangu, maana nilidhani ni ujanja wetu sisi.

Bustani yetu ilikuwa juu. Ya chini ilikuwa ya Mama Feza, mjane aliyekuwa ametoka kupanda vitunguu. Baba alijua. Haraka haraka haina baraka, lakini mwambie hivyo mtu anayeona chakula cha wanawe kinaoza. Alipoinua jembe avunje kizuizi cha udongo kilichofunga mfereji wetu, Tata Ngoie, mkubwa wa komite, aliingia mferejini upande wa pili, akakaa kwenye tope na suruali yake nzuri.

“Baba Kaluba, mukifungula, maji itapita juu yangu mbele ya kufika kwa Mama Feza,” alisema taratibu. “Mufereji tunaanzaka chini.”

Baba alishusha jembe. Nilimwonea huruma, na yule mzee nilimchukia. Kisha baba akampa mkono, akamvuta kutoka topeni, wakashuka pamoja. Tulichimba kwa Mama Feza hadi jioni. Vitunguu vyake vilipona. Kabichi zetu nyingi zilioza, na kwa muda mrefu tulikula bukari, ugali wetu, na mboga za kuomba.

Sikudanganyi, mwanangu: baba hakusifiwa na mtu, na roho ilimuuma. Haki ina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni aliye juu. Kwa hiyo ukipata kiwanja, kazi au cheo, kabla hujazibua chako, shuka kwa miguu yako ukaone maji yako yanamfikia nani, umsalimie kwa jina.

Mungu akupe ardhi isiyotuama maji. Na yule aliye chini yako alale usingizi mvua ikinyesha, akijua kwamba huko juu uko wewe.