Vyumba Vinane vya Uyoga

Mimi huchapa barua za watu hapa sokoni Wandegeya. Fomu ndizo zinazonilisha, lakini nikikwambia nazipenda nitakuwa nasema uongo. Zilizonichosha kuliko zote ni za Santa Aber, sajini mstaafu wa polisi, mteja wangu na rafiki yangu.

Santa aliishi kambini miaka thelathini. Watoto wanne aliwalea katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Alipostaafu alipewa wiki chache ahame, akapanga chumba mtaani Kamwokya, ukuta kwa ukuta na baa isiyonyamaza. Kiinua mgongo chake chote akakizamisha shambani kwake nje ya mji, mwendo wa saa moja kwa bodaboda. Alianza na kuku. Bei ya chakula cha kuku ikamtoa jasho, akaamua kuongeza uyoga, maana wachuuzi wa soko letu walimwahidi kuuchukua wote.

Akajenga. Sasa, mtu aliyekaa kambini miaka yote hiyo atajenga nini? Kambi! Vyumba vinane kwenye mstari ulionyooka, kila kimoja na mlango wake, namba yake ya rangi nyeupe, na komeo lake la ndani. Kuvitenga vyumba kulikuwa na maana, kwani ukungu ukiingia kimoja hauhamii kingine. Lakini komeo la ndani? Fundi alimuuliza, akajibiwa kwamba mlango ni mlango.

Mwezi haukuisha, ofisi ya mipango ya huko ikampigia X nyekundu ukutani. Ardhi ile ni ya kilimo, wakasema: banda ruksa, nyumba ya kuishi marufuku. Alipewa siku ishirini na nane athibitishe kwamba ni banda, la sivyo lote libomolewe. Niliandika barua tatu, na kila moja ikarudi ikidai karatasi nyingine. Yaani kuku akilala pale ni kilimo, mwenye kuku akilala ni kosa. Aliyekaa akafikiri hivyo ningependa sana kumwona.

Zilibaki siku nne alipokuja mkaguzi, kijana mpole aitwaye Sylvanus, shati limechomekwa vizuri. Nami nilikuwepo na faili langu.

"Maama, hii ni nyumba ya kupangisha," akasema. "Mlango nane, namba nane."

"Ssebo, bwana wangu, fungua uone mwenyewe," Santa akamjibu.

Akafungua wa kwanza. Mifuko ya maganda ya pamba ilining'inia, uyoga umechanua kila upande. Sylvanus akalitikisa komeo.

"Na hii? Uyoga inajifungia ndani?"

Nilicheka mpaka faili likaniponyoka. Santa hakucheka. Alichukua bisibisi akaanza kuyang'oa makomeo mwenyewe, mlango baada ya mlango, na alipomaliza wa saba akasimama. Sylvanus akausukuma wa nane.

Ndani hamkuwa na mfuko hata mmoja. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa kikambi, shuka limevutwa bila kunjo, na viatu vyake vyeusi vya kazi ya polisi vimepangwa chini yake.

Katika barua zote tatu nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mtu atakayelala pale, na yeye alinitazama nikiandika, akaniacha niendelee. Niliona hasira, kisha nikaona haya kwa hasira yangu.

"Afande, unalala hapa wewe?" Sylvanus akauliza, sauti imeshuka.

"Bado. Nilikuwa nangoja nyinyi mumalize," Santa akasema. "Miaka thelathini nimelala kwa nyumba ya serikali. Hii ndiyo ya kwanza yangu. Kama ni kuvunja, vunja hii moja, wacha ya uyoga."

Sylvanus aliviangalia vile viatu, kisha akapekua mkoba wake.

"Mwenye shamba kulala, sheria inakataa," akasema. "Lakini mlinzi wa shamba anaruhusiwa kulala. Chumba moja."

Akanipa fomu. Niliijaza juu ya goti. Jina la mwajiri: Santa Aber. Jina la mlinzi: Santa Aber. Uzoefu wa kazi: polisi, miaka thelathini. Mkaguzi akasoma, akapiga muhuri bila kuinua macho.

Santa alisaini upesi kama mwajiri. Alipofika kwenye sahihi ya mlinzi machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Andika pia tarehe ya kuanza kazi, Shamim," akaniambia. "Mlinzi anahamia leo."