Ndoo ya Asali Juu ya Ubao

Mimi ni mtu wa Kwihara, kule Tabora, na bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Nilishuka Dar kwa treni na ndoo ya asali ya Sikonge mapajani, zawadi ya wakwe watarajiwa wa binti yangu, waliokuwa wakitungoja alasiri ile. Kwetu, kwenda ukweni mikono mitupu ni aibu isiyofutika. Binti akasema tupitie ufukweni kwanza, tupunge upepo.

Ufukwe ulikuwa mpana, ungelima tumbaku na nafasi ikabaki. Upande mmoja watoto na waoga walilala kifudifudi juu ya mbao, wakisukumwa na povu. Katikati walikuwapo wanaosimama na kuanguka. Kule mbali vijana waliteleza wima juu ya mawimbi utadhani bahari ni ya baba yao.

Mwalimu wao, bwana mwenye kipara na maneno mengi, aliniuliza kabila langu. Nikamwambia.

"Mnyamwezi! Mimi Mzaramo!"

Nikajua nimekwisha. Hawa ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani, na mtani akichukua kitu chako huruhusiwi hata kununa. Akaikwapua ndoo.

"Babu zako walitembea miezi mpaka hapa, wakaogopa kulowa! Simama juu ya ubao, asali yako. Ukishindwa, naila na mihogo."

Nilicheka, maana ndiyo sheria, ila mkono uliniwasha. Nikakaza kanga, nikapelekwa kwa waoga. Nilisimama, nikaanguka. Nikasimama tena, nikanywa chumvi ya kunitosha mpaka Ramadhani. Binti alitazama saa huku machozi yakimlengalenga.

"Tatizo kichwa changu ni chepesi," nikamwambia mtani.

"Hilo tunalijua tangu zamani."

"Sisi hatusimami sawasawa bila mzigo. Nitwike."

Alicheka kuliko wote. Nikasokota mtandio uliolowa nikautia kichwani kama ngata, naye akanitwika ndoo kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, si unayo sasa?" binti akaninong'oneza. "Twende!"

Alisema kweli. Lakini nilipousikia ule uzito, shingo ikanyooka yenyewe kama zamani nikitoka kisimani, na hasira yote ikaniisha. Nikataka kusimama, basi. Maji yalikuwa ya magotini; wanafunzi wake wakanishikia ubao, nikapanda, povu likatusukuma.

Nilisimama! Umbali wa kutoka jikoni hadi uani tu, lakini nilisimama, mikono imening'inia. Vijana wa kule mbali wakapiga miluzi. Ubao ukagota mchangani, nami nikashuka nikaendelea kutembea na ndoo yangu bila kugeuka.

"Mtani!" akaita. "Hata kuonja?"

Ukweni tulichelewa. Mama wa mchumba wa binti alinitazama nilivyolowa chapachapa, mchanga mpaka kwenye nyusi, na binti yangu akainamisha uso. Nikaitua ndoo miguuni pa mwenyeji wetu.

"Karibu, mwenzangu," akasema taratibu. "Umetoka wapi hivyo?"

"Tabora," nikamjibu. "Njia ilikuwa na maji."